Kwa nini mzee wa randa aachwe nje ya CNC?

Juzi hapa Isevya nimemsikia jamaa anamwambia fundi seremala wa makamo aliyekuwa anaangalia CNC, ile mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, "Mzee hiyo mashine haikufai, hiyo ya watoto wa kompyuta." Mzee akanyamaza akarudi kwenye randa yake. Imeniuma mpaka leo.

Maana mimi ndo huyo mtoto wa kompyuta. Nilipoanza na hii CNC ndogo, ile ya kuchonga eneo la sentimita 30 kwa 18, programu haikunisumbua hata siku moja, mbao ndo ilinisumbua. Nachonga jina kwenye kipande cha mninga, mashine inalia, moshi unanuka, vumbi linatoka laini kama unga wa sembe. Nikadhani spidi ya kusogea ni kubwa, nikapunguza, ikazidi kuungua, nikavunja biti ya pili, yaani kile kisu kinachozunguka. Mzee huyohuyo akapita, akachota lile vumbi akalisugua kwenye vidole, akasema, "Mwanangu hii haikati, inasugua. Kinachokata kinatoa maranda."

Nikakaa nikapiga hesabu. Mota inazunguka mara 10,000 kwa dakika, biti ina makali mawili, mimi nimeisogeza milimita 100 tu kwa dakika, kwahiyo kila kali linapata milimita 0.005 ya mbao, hapo litakata nini? Nikapandisha mpaka 400, nikapunguza kina cha kila mpito wa biti kikawa nusu milimita, maranda yakaanza kuruka na mlio ukatulia. Mzee hajui G21, ile amri ya kuiambia mashine itumie milimita, ni nini, ila jibu alikuwa nalo kwenye vidole.

Sawa, nakubali, kushika mausi na kuchora kutamchosha, na milimita zikichanganywa na inchi kazi inaharibika. Lakini hayo ni ya kujifunza mwezi mmoja tu! Kutafuta sifuri ya Z, yaani pale ncha ya biti inapogusa uso wa mbao, kwa kipande cha karatasi, kuipitisha mashine hewani kwanza kabla ya kugusa mbao, miwani machoni, yote hayo anayashika upesi mtu aliyezoea kupima mara mbili. Kuijua mbao, nyuzi zinaelekea wapi, fundo liko wapi, kumemchukua miaka mingi, mimi hayo nitayatoa wapi?

Nimemfuata kwake nikamwomba. Jumamosi anakuja na vipande vyake vya mninga, mausi nitashika mimi mpaka mkono wake uzoee.