"Hilo Halitoki Kwenye Mtihani, Mjomba"

Jumamosi iliyopita mpwa wangu, anayesomea ualimu mwaka wa pili, alinipa kitini chake cha falsafa ya elimu nimsikilize akikariri. Katikati pana jedwali: mkondo, mwasisi, maana, umuhimu wake darasani. Udhanifu, Plato. Uhalisia, Aristotle. Upragmati, Dewey. Udhanaishi, Sartre. Alikariri lote bila kukosea hata nukta. Nikamuuliza, "Kati ya hao, wewe unaona nani kasema kweli?"

Akanitazama kwa mshangao. "Hilo halitoki kwenye mtihani, mjomba."

Siku tatu zimepita na bado nina hasira. Binti huyu ana akili kali, na muda si mrefu atakuwa amesimama mbele ya watoto wetu.

Tazameni mistari miwili ya kwanza tu ya jedwali lile. Aristotle aliingia Akademia, shule ya Plato, akiwa kijana wa miaka 17 hivi, akakaa hapo takribani miaka 20. Baadaye akampinga mwalimu wake katika jambo zito kuliko yote: je, wema na haki vina makao yao nje ya dunia hii, na tunavyoviona ni vivuli tu, au vimo humu humu, ndani ya vitu na matendo yetu? Aliandika kwamba kulipinga fundisho hilo kunamwia vigumu kwa kuwa waliolileta ni rafiki zake, lakini kweli haina budi kutangulia. Mwalimu mtarajiwa anahitaji kusikia nini zaidi ya hicho? Kitini kimewatenganisha kwa mstari wa wino kama watu wasiowahi kuonana, na Plato, ambaye hakuwahi kujiita mdhanifu, amebaki kuwa jibu la swali la kuchagua.

Falsafa mtu huingizwa kwa mlango wa ubishi. Majina ya mikondo atayaokota mwenyewe njiani, akishajua walikuwa wanagombania nini.

Ningekuwa mimi, ningeanza na barua. Mwezi Mei 1643, Elisabeth wa Bohemia, mwanamke wa miaka 24, binti wa mfalme aliyenyang'anywa kiti, akiishi uhamishoni The Hague, Uholanzi, alimwandikia Descartes, mwanafalsafa wa Kifaransa. Descartes alikuwa ameshatangaza kwamba nafsi na mwili ni vitu viwili mbalimbali: nafsi hufikiri na haichukui nafasi, mwili huchukua nafasi na haufikiri. Elisabeth akamuuliza: basi nafsi isiyo na umbo, isiyogusa wala kuguswa, inausogezaje mkono wangu? Descartes akajibu kwa mfano wa uzito unavyolishusha jiwe. Haukumtosha. Mwezi Juni akamwandikia kwamba kwake ni rahisi zaidi kukubali kuwa nafsi nayo ina umbo kuliko kukubali kuwa kisicho na umbo kinaweza kuusogeza mwili. Hakumwogopa kwa sababu ya jina lake, na Descartes hakumkasirikia. Mwaka uliofuata alimtabarukia kitabu, na waliendelea kuandikiana karibu hadi kifo chake mwaka 1650.

Nilimsimulia mpwa wangu habari hii jikoni, huku akichambua mchele. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Bibi alipopata kiharusi alisahau majina yetu yote. Sasa kilichoumia ni ubongo, au ni yeye mwenyewe?"

Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake. Katika barua ile ile ya Juni, Elisabeth anauliza swali linalokaribiana sana na hilo: inakuwaje nafsi iliyozoea kufikiri sawasawa ipoteze uwezo wote huo kwa sababu ya mvuke tu mwilini? Mpwa wangu hakuwa amefika huko kwenye simulizi. Alifika mwenyewe, kwa njia ya bibi yake. Kitini kimekaa naye muhula mzima bila kumfikisha hapo.

Na ubishi ule haukubaki kwa wana wa wafalme. Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo, aliyepelekwa Ulaya akiwa mtoto, alitetea tasnifu yake katika chuo kikuu cha Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1734 juu ya jambo hilo hilo. Humo alinukuu maneno ya Descartes yaliyotoka kwenye barua kwa Elisabeth na kuyakataa: nafsi haiumii pamoja na mwili, alisema, kuhisi ni kazi ya mwili ulio hai. Baadaye alifundisha katika vyuo vikuu vya Halle na Jena, huko huko Ujerumani. Wanaoniuliza kwa nini tuhangaike na falsafa ya Wazungu, wajue Mwafrika alikuwemo ndani ya mabishano yenyewe, kwa Kilatini. Kwenye jedwali hayumo.

Nakubali, shingo upande, kwamba darasa la mamia ya wanafunzi na kipaza sauti kimoja halifundishiki kama baraza la watu kumi. Nakubali pia kwamba jedwali husaidia usiku wa kuamkia mtihani. Lakini barua ya kwanza ya Elisabeth ni fupi mno. Mhadhiri anaweza kuisoma yote kwa sauti, akanyamaza, akawauliza walioketi nyuma kabisa: ungekuwa wewe Descartes, ungemjibu nini huyu binti?