Shimo Jeusi la Mwalimu

Julai Dodoma upepo haupigi hodi. Vumbi linaingia kwenye chai, masikioni, mpaka ndani ya darubini. Ndiyo maana nawakazania wanafunzi wangu habari ya flati, yaani picha za mwanga mtupu uliosambaa sawasawa: jua likizama tu, kabla nyota hazijatoka, vika mdomo wa darubini fulana nyeupe, uelekeze utosini, piga picha 20. Kila nukta ya kamera yetu hujaa mwanga ikifika namba 65,535, kwa hiyo lenga 30,000 hivi. Chembe ya vumbi huacha kivuli cha duara. Ukigawanya picha ya nyota kwa flati, kivuli kinafutika.

“Ole wake atakayeigusa kamera baada ya hapo!”

Giza likaingia, tukapiga kishada cha nyota kiitwacho Omega Centauri, picha 30 za sekunde 60. Kisha 20 za giza, za kunasa chengachenga za kamera yenyewe: kifuniko juu, sekunde zilezile, jotoridi la kamera lilelile. Saa sita usiku kompyuta ikachukua picha za nyota, ikatoa zile za giza, ikagawa kwa flati.

Pembeni, duara jeusi tii.

“Mwalimu, shimo jeusi!”

Ningekataa palepale. Ila mwaka 2024 watafiti walitoa ushahidi wa shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, ndani ya kishada hichohicho, kutokana na nyota 7 zinazokwenda kasi mno. Kwamba hilo ni la katikati, na kwamba haliwezi kuonekana kama sahani ya chai, vyote nilivisahau. Nikampigia mkuu wa shule. Akaja na shuka begani, mlinzi nyuma yake na rungu, akijua ni wezi.

Mkuu alipoinama kwenye skrini, binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. “Samahani mwalimu, mbona kuna duara jeupe la ukubwa uleule? Ukilizungusha jeusi robo mzunguko, linalalia jeupe.”

Jasho likanitoka, na baridi ile! Saa mbili waya wa kamera ulikuwa unanikwaza shingoni. Nikalegeza skrubu, nikaigeuza kamera robo mzunguko, nikakaza. Vumbi la kwenye kamera huzunguka nayo, halina neno. Hili lilikuwa kwenye kichujio cha mwanga, upande wa darubini, likabaki palepale. Basi kivuli kipya hakikufutwa, na pale flati ilipokuwa na kivuli cha zamani, kugawanya kukazidisha mwanga.

Nikaeleza yote, hadi skrubu.

Mkuu akajifunika shuka vizuri. “Kwa hiyo mmeniamsha nije kuona vumbi,” akasema. “Mwalimu, mbona hata kitandani kwangu lipo?”