Kuhamia Kalangala: riziki nayo ivuke ziwa

Tangu mume wangu apate nafasi ya kufundisha katika Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese katika Ziwa Victoria, wilaya ya Kalangala, Uganda, kila anayepita kwetu Kawempe, Kampala, amekuwa mshauri. Wanatutajia mchanga, samaki wabichi na hewa safi. Yote ni kweli, na anayekwenda kupumzika Jumamosi na Jumapili atayafaidi. Mimi ni fundi cherehani na mama wa watoto wa shule. Msimamo wangu ni kwamba familia isihamie Ssese ikiwa riziki yake inabaki Kampala.

Tazama usafiri peke yake. Meli ya MV Kalangala huondoka Lutoboka, bandari ya Bugala, asubuhi saa mbili, ikachukua kama saa tatu na nusu kufika Nakiwogo, Entebbe, kisha hugeuza saa nane mchana kurudi kisiwani. Sasa fundi anayefuata vitambaa Kiyembe, katikati ya Kampala, afanyeje? Ashuke Nakiwogo, apande taksi, apambane na msongamano, achague, apatane bei, afunge mzigo, halafu awahi Entebbe kabla ya saa nane? Haiwezekani. Atalala mjini. Zipu na uzi tu zimekula siku mbili, nauli ya kwenda na kurudi, na gharama ya malazi. Njia ya Masaka ni afadhali kwa mzigo, kwa sababu feri za kutoka Bukakata, upande wa Masaka, hadi Luku kisiwani Bugala huvusha watu na magari bure, lakini bado una barabara ndefu ya Kampala mpaka Masaka. Wapo wanaosema watakaa Bugala na kuingia mjini mara kwa mara kushughulikia biashara zao. Nawasihi waketi na kalamu kwanza.

Kwa hiyo nimejiuliza: huko kisiwani nitamshonea nani, na atanilipa kwa pesa gani? Katika jambo hili Bugala inatofautiana sana na visiwa vingine. Wilaya ya Kalangala ina visiwa 84, na watu huvizungumzia kana kwamba vyote ni kimoja. Katika vile vidogo, pesa ni sangara, sato na dagaa. Tangu jeshi lilipopewa kazi ya kusimamia uvuvi mwaka 2017, mitumbwi iliyo chini ya futi 28 imekamatwa na kuchomwa, na familia nyingi zimepoteza tegemeo lao. Samaki wakipungua sisi sote hatutakula, hilo nalielewa, na ziwa lazima lilindwe. Lakini mtumbwi ukichomwa mwaloni, njaa haiishii kwa mvuvi peke yake. Muuza chapati anakosa wateja, mwenye duka anabaki na madeni daftarini, na sare ya mtoto inasubiri muhula mwingine.

Bugala ina mchikichi pia. Misitu iliyokatwa kwa ajili ya mashamba hayo inaniuma, na sitasifu jambo hilo. Hata hivyo wakulima wadogo wanauza vichikichi kiwandani na kulipwa, na wafanyakazi wa mashamba wana watoto wanaohitaji sare. Shule zipo, umeme upo, na kushona kunaweza kusimama bila kutegemea samaki peke yao. Kama nafasi ya mume wangu ingekuwa kwenye kisiwa kidogo cha mbali, ningekataa.

Lililonikosesha usingizi ni swali la mama yangu. Yeye anakaa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, na hajawahi kupanda meli. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mtoto akishikwa na homa usiku, utamwita nani?" Kalangala mjini kuna kituo cha afya chenye madaktari, lakini ugonjwa mzito hupelekwa hospitali ya rufaa ya Masaka, ng'ambo ya maji, na usiku feri hazivuki. Mitumbwi ipo, lakini Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa, tena karibu na nchi kavu. Mwenye mtoto wa pumu au selimundu, au mwenye mimba yenye matatizo, asione haya kusema hapana. Wanangu wazima, alhamdulillahi. Hata hivyo sheria ya nyumba tumeiweka: hakuna kuogelea ufukweni, kwa sababu ya kichocho, na hakuna kupanda mtumbwi bila jaketi la kuokolea.

Kuhusu ardhi nitakuwa mkali. Watu wa mjini wananunua viwanja Ssese na kuviacha vikiota magugu, huku wenyeji wakibanana mabandani. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Mgeni wa namna hii anamponya nani? Wengine hununua ukingoni kabisa mwa maji, wakati sheria inalinda mita 200 kutoka ufukweni. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita rekodi ya 1964 na kufunika fukwe na majengo yaliyojengwa karibu mno.

Basi tumekubaliana hivi. Tutapanga nyumba Kalangala mjini, mbali na ufuo, kwa mwaka mzima wa masomo. Kiwanja hatununui. Cherehani zote mbili zinakuja nami, na chumba changu cha kazi hapa Kawempe namwachia binti niliyemfundisha ufundi, kiwe chake. Mama bado hajaridhika. Anataka kuvuka nasi likizo ya Agosti akakione hicho kituo cha afya kwa macho yake, na nimemwambia tutakwenda naye kabla sijafunga hata sanduku moja.