Mama Mkubwa Alipoambiwa Ana Gesi

Mama mkubwa alianza kuhema akipanda ngazi tatu tu za baraza lake. Tukasema ni umri. Taya likamuuma, tukamnunulia dawa ya meno. Zahanati wakampa dawa ya gesi, akarudi, wakamwongezea ya vidonda vya tumbo. Mara ya tatu alikutana na daktari aliyempima umeme wa moyo, na hapo ndipo tulipojua kuwa mshipa wa moyo umeziba. Alikuwa na miaka 61. Mumewe alipobanwa kifua miaka minne kabla, hakuna aliyemtajia gesi. Tulikodi gari usiku uleule.

Tofauti hiyo inaniuma mpaka leo, na haikuanzia kwenye zahanati yetu. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1984, ulioonyesha kwamba kushusha lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) kwa dawa hupunguza mshtuko wa moyo, ulifanywa kwa watu 3,806. Wote walikuwa wanaume. Na si kwamba wanawake walikuwa hawajulikani: kule Framingham, mji wa Marekani wenye utafiti wa muda mrefu wa magonjwa ya moyo, walikuwa wakifuatiliwa pamoja na wanaume tangu 1948.

Mwili wa mwanamke una hesabu yake. Akiwa bado anapata hedhi, homoni ya estrojeni hulisaidia ini kuyaondoa kwenye damu yale mafuta mabaya, LDL, na huyainua yale mazuri, HDL. Hedhi ikikoma, LDL hupanda, hata kama chakula hakijabadilika. Kwa hiyo cheti kizuri cha miaka 42 hakimlindi mtu akifika 55. Nilikuta karatasi ya maabara ya mama mkubwa ya mwaka mmoja nyuma: HDL 44, pembeni pameandikwa "kawaida". Kwa mwanaume ni sawa, kwa sababu kwake tunaanza kuwa na wasiwasi ikishuka chini ya 40. Kwa mwanamke mpaka ni 50. Karatasi ilikuwa na kipimo kimoja kwa wote, nasi tukaikunja tukaiweka kabatini.

Siku hizi kuna maneno mengi kuhusu protini za uzee, hasa kloto. Makoto Kuro-o na wenzake waliitangaza Japani mwaka 1997, wakaipa jina la mungu wa Kigiriki anayesokota uzi wa uhai. Panya wanaoikosa huzeeka mapema: mishipa inakakamaa, mifupa inadhoofika, wanakufa wadogo. Kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwenye figo, na kadiri umri unavyosogea hupungua. Mimi naipenda sayansi hii, maana inaonyesha jinsi figo na mishipa ya damu vinavyozeeka pamoja. Lakini binamu yangu alipotaka kumnunulia mama mkubwa vidonge vya "kurudisha ujana" nilimkatalia kabisa. Pesa hiyo inunue dawa za presha, ambazo zinalinda figo hizohizo, na statini, dawa za kushusha lehemu, alizoandikiwa.

Mama mkubwa sasa anazipanda zile ngazi tatu polepole, akishika ukuta. Mdogo wake, mama yangu, ana miaka 54 na hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita. Nilipomwambia akapime mafuta alinijibu, "Mwanangu, mimi siumwi." Jumatatu naomba ruhusa kazini, nampeleka mwenyewe.