Mstaafu si lazima afuge kuku

Nani alituamulia kwamba mtumishi akitoka ofisini lazima aingie bandani? Semina yetu ya kujiandaa kustaafu ilikuwa na kila kitu: kikokotoo cha mafao, matapeli wanaonyemelea kiinua mgongo, shinikizo la damu, kisha mada za miradi mfululizo. Kuku wa mayai. Parachichi. Misonobari, maana hapa Iringa semina haiishi bila Mufindi na mashamba yake ya miti kutajwa. Hakuna aliyetuuliza: wewe, kabla hujawa mhasibu, ulipenda kufanya nini?

Sina ugomvi na kuku. Mwenye mtoto bado yuko chuoni hashibi kwa kuchora maua, na wazee wengi wa mikoa hii hawajawahi kuona pensheni. Wanalima mpaka mgongo ugome. Nazungumzia sisi wa ajira, tuliotoka kwa hiari tukiwa na miaka 55 au kwa lazima tukiwa na 60, chakula kipo ndani, na bado tunazeeka mbio kwa kukaa barazani tukisubiri taarifa ya habari.

Mimi nimerudi kwenye milulu. Hivi vikapu mnavyovijua kama vikapu vya Iringa vinasukwa kwa milulu, majani ya bondeni yanayokatwa na kuanikwa, na kwa Wahehe ni kazi ya wanawake toka enzi za bibi zetu. Nilisuka nikiwa msichana, shule ikanitoa, ofisi ikamalizia. Mwalimu wangu sasa ni wifi yangu wa kijijini, ambaye hajaajiriwa popote na kwa hiyo hana cha kustaafu. Unalowesha milulu kidogo ilainike, unaanza na kitako, halafu unapandisha ukuta huku kidole gumba kikibana kila mzunguko ukae juu ya wenzake. Ukibana mno kikapu kinajikunja mdomo, ukilegeza kinapwaya. Mimi nabana. “Legeza mkono, wifi,” ananiambia, “hapa hatufungi hesabu.”

Kinachonichosha si vidole, ni swali moja: utauza bei gani? Kanisani wanauliza, dukani wanauliza. Mtoto wa kaka yangu alishaanza kupiga picha. “Shangazi, tukiweka Instagram oda zitamiminika.” Sizitaki hizo oda. Nimeishi na tarehe za mwisho tangu ujana, sioni kwa nini nizifuate tena kwa miguu yangu.

Na kuna jambo zito zaidi ambalo watu hawaliangalii. Wapo wanawake ambao kikapu ndicho kinachonunua daftari na chumvi. Mimi mwenye pensheni nikipeleka vyangu sokoni kwa bei ya kutupa, kisa najifurahisha, namharibia anayekula kwa kazi hiyo. Mteja akishazoea bei yangu, mama huyo atamwambia nini? Kwa hiyo vyangu nagawa: kwa wajukuu, kwa majirani, kwa harusi. Anayetaka kununua namwelekeza kwa wifi, na namwonya asimpunje. Mstaafu anayeamua kuuza, auze kwa bei ya wenzake au aache.

Wanaume wana taabu yao. Shemeji yangu wa Mbeya alikuwa fundi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Alipostaafu akatoa gitaa lake uvunguni, akatia nyuzi mpya. Jioni, baridi ya Mbeya ikishuka, anakaa na jiko la mkaa na kulipiga. Mtaani wakasema mzee kachanganyikiwa. Angekuwa anakunywa ulanzi muda huohuo, hakuna ambaye angeshtuka.

Wapo wanaosema tumechelewa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kawaida juu ya vipande vya hardboard. Alifariki mwaka 1972. Muda wote huo ni kama miaka minne, na michoro ya mtindo wake inauzwa mpaka leo. Sisemi mstaafu wa Makambako atakuwa Tingatinga. Nasema mwenye miaka 60 asiniambie muda hautoshi kujifunza kuchora mti.

Pa kuanzia pasikusumbue. Aliye Iringa mjini apite kwenye Boma, jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, akatazame kazi za mikono. Aliye Kyela anao Wakisi wa Ikombe, mabingwa wa vyungu, ng'ambo kidogo tu ya Matema.

Ombi langu kwa waandaaji wa semina ni dogo. Asubuhi moja mleteni mfinyanzi wa Ikombe au msusi wa milulu, washiriki wavue makoti na kuchafuka mikono. Na mama huyo alipwe posho ileile ya mwezeshaji anayolipwa bwana wa kikokotoo, si nauli na soda.