Bomboni ya usingizi

Tulipofika Marekani, binti yangu wa miaka minne alikataa kulala. Saa tano za usiku bado yuko macho, anauliza bibi yake wa Kadutu, kwetu Bukavu, Kongo, yuko wapi. Jirani mmoja, mama mwenye moyo mzuri, akaniletea kichupa cha melatonini, homoni ya usingizi: bomboni laini zenye umbo la dubu. Huku zinauzwa pamoja na vitamini bila karatasi ya daktari, maana sheria ya 1994 inazihesabu kuwa virutubisho, si dawa. Wiki ya kwanza nilimshukuru Mungu. Ya pili nikamkuta amevuta kiti jikoni, mkono umo kabatini. "Mama, nataka dubu mwingine."

Niliogopa, na nilikuwa na sababu. Mwaka 2023 watafiti walipima aina 25 za bomboni hizo. Katika 22, kipimo cha ndani hakikulingana na kilichoandikwa, na moja ilikuwa na zaidi ya mara tatu ya kilichoandikwa. Taarifa za watoto na vijana waliomeza melatonini, zilizofika vituo vya ushauri wa sumu vya Marekani, zilipanda kutoka 8,337 mwaka 2012 hadi 52,563 mwaka 2021.

Ndugu zangu wa Bukavu, hayo si ya wazungu peke yao. Dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, alinipigia: tangu risasi za vita vya Februari 2025 mwanawe wa mwaka mmoja na nusu anashtuka usiku, na muuza dawa wa mtaani amempa siro ya prometazini. Hiyo ni dawa ya mzio na kutapika. Inalaza, ndiyo, lakini inaweza kumkatisha mtoto pumzi, na walio chini ya miaka miwili hawatakiwi kupewa kabisa.

"Yaya, mwaga hiyo."

Akanyamaza kidogo. "Na wewe, dubu wako umemwaga?"

Nilimwaga usiku uleule. Kwetu mtoto alilazwa na mgongo wa shangazi, kitenge kikiwa kimekazwa na mvua inapiga mabati. Huku baba yake anafanya kazi usiku, mimi mchana, na skrini ya tableti ndiyo ilikuwa shangazi. Sasa inazimwa saa kumi na mbili, anaoga, namfunga mgongoni japo amekua. Ilichukua wiki tatu. Melatonini ina watoto inaowafaa, hasa wenye usonji, lakini daktari ndiye apime.

Yaya naye anamlaza wake kifuani, na wiki hii atampeleka kwa daktari wa watoto. Nimemwomba aanze kwa kumsimulia daktari habari za risasi.