Kukaidi sheria za usimbaji fiche: nguvu na mipaka yake

Mwaka 1995 nchini Marekani, fulana ingeweza kumtia mtu hatiani kwa kusafirisha silaha nje ya nchi. Ilichapwa mistari michache ya msimbo wa Perl, lugha ya programu, inayotekeleza RSA, mbinu mojawapo ya usimbaji fiche, yaani kuuficha ujumbe usomwe na mwenye ufunguo tu. Sheria za wakati huo ziliziweka programu za aina hiyo katika orodha moja na zana za kivita. Waliozivaa walilijua hilo, nao hawakujificha. Mwendesha mashtaka alibaki na mawili: amshtaki mtu kwa vazi, au aiache sheria ichekwe hadharani.

Mtengenezaji programu Phil Zimmermann aliumia zaidi. Programu yake ya PGP ya kusimba barua pepe, aliyoitoa 1991, ilivuka mipaka ya nchi, akawekwa chini ya uchunguzi wa jinai uliofungwa Januari 1996 bila mashtaka. Ila tusiukuze ukaidi kupita kiasi. Masharti ya kusafirisha nje programu hizo yalilegezwa mwaka 2000 baada ya kesi ambayo Daniel Bernstein aliyapinga mahakamani, na baada ya kampuni kulalamika kwa miaka kwamba zinapoteza soko.

Wanaoupinga ukaidi huu wana hoja nzito. Mpelelezi wa ukatili dhidi ya watoto hukwama kweli mbele ya simu isiyofunguka. Tena, kila mtu akijichagulia sheria za kutii, hata mwenye nia mbaya atadai dhamiri imemtuma. Mimi naona tofauti iko kwa anayekaidi waziwazi, akiwa tayari kubeba adhabu. Na kufuli lililodhoofishwa halichagui mwizi: mwaka 2015 udhaifu wa FREAK ulionyesha kwamba tovuti nyingi bado zingeweza kulazimishwa kutumia funguo dhaifu zilizotengenezwa kukidhi masharti yale yale ya miaka ya 1990.

Leo uwanja umehama. Februari 2025 Apple iliwaondolea watumiaji wapya wa Uingereza ulinzi wake wa juu wa data za iCloud, hifadhi yake ya mtandaoni, baada ya habari kuvuja kwamba serikali iliiagiza ifungue njia ya kuzifikia. Raia wa kawaida hapo hana sheria ya kuvunja. Huduma imeondolewa tu. Anayeweza kukaidi ni kampuni na wahandisi wake, na sheria ya Uingereza ya 2016 inawakataza hata kusema kwamba wamepokea agizo la aina hiyo. Kwa hiyo ukaidi wenye maana zaidi sasa ni kulitangaza agizo lenyewe, ingawa mhandisi atakayethubutu anahatarisha kazi yake na pengine uhuru wake.